Maongezi ya Ng'ambo: Chumba cha Baridi na Jiko la Makaa



Najua ya kuwa msomaji akaaye Kinangop au Limuru, ambako asubuhi nyingine za Julai majani huamka yamefunikwa na sakitu, atacheka sana aonapo kichwa cha maneno haya. Atauliza, "Mombasa kuna baridi gani? Si ndiko watu wanakolala barazani wakijipepea?" Nami simlaumu. Nilipohamishwa kuja Mombasa kazini, yapata miaka kumi iliyopita, nikitoka kwetu milima ya Taita, niliuza blanketi langu zito pale Voi kabla sijapanda gari, kwa maana nilidhani sitalihitaji tena maishani. Blanketi lile nimelijutia mara nyingi.

Nyumba niliyopanga iko Likoni, upande huu wa ng'ambo, ambako kila asubuhi makarani wenzangu nami hushuka kwenda kuvuka kwa feri. Ni nyumba ya zamani ya namna ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Viambaza vyake ni vya boriti na fito zilizokandikwa udongo, vikapigwa plasta ya chokaa. Paa lake hapo kale lilikuwa la makuti. Baadaye likatiwa mabati. Ni nyumba njema, nami naipenda. Lakini chumba chake cha kulala kimeelekea kusini, na mwenye kujua maana ya upepo wa kusi amekwisha nielewa.

Kwa ajili ya wasomaji wa bara nitaeleza kidogo. Kusi huanza kuvuma yapata Aprili, ikaendelea mpaka karibu na Oktoba. Katikati yake, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, ndipo pana majira ambayo watu wa Pwani huyaita kipupwe. Wakati huo jua liko mbali nasi, upande wa kaskazini, na nchi zilizo kusini ya dunia zimo katika majira yao ya baridi. Basi upepo unaotufikia umetoka huko ukapita juu ya bahari kubwa. Mwezi wa Machi joto la mchana hapa hufika digrii 32 au 33. Usiku wa Julai hushuka hata karibu na digrii 20. Kwa mtu wa Limuru digrii 20 ni adhuhuri njema ya kupalilia viazi. Lakini mwili hufuata mazoea, na mwili uliozoea jasho huona baridi mahali ambapo mwingine huona raha. Tena baridi yetu haiji peke yake, bali hufuata nyuma ya masika, na mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu ni Mei. Kwa hiyo kipupwe huikuta nyumba imelowa.

Sasa nitawaambia jambo lililotupata, ingawa si jambo la kujisifia, kwa kuwa kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Julai ya mwaka juzi mama yangu mzazi alikuja kutoka Taita ili atazamwe macho hospitali. Yeye ni mtu mzima, amepita miaka sabini. Kama ilivyo desturi, mke wangu nami tulimpa chumba chetu, kwa sababu ndicho chenye kitanda kizuri, nasi tukatandika ukumbini. Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, alikataa katakata kulala mahali pengine ila kwa bibi yake. Usiku wa kwanza mama hakusema neno. Usiku wa pili nilimsikia akigeuka-geuka, na asubuhi nilimkuta ameketi kitandani amejitanda kanga mbili na koti langu la mvua. Akaniambia, "Mwanangu, kwetu kuna baridi, lakini baridi ya kwetu hukaa nje. Hii ya kwenu inaingia kitandani."

Nilitahayari. Mtoto gani hafanyi haraka amwonapo mama yake akitetemeka? Jioni ile nilitwaa magunia na magazeti makuukuu, nikaziba kila ufa na kila tundu lililokuwa katika chumba kile, chini na juu, hata ule mwanya ulio baina ya kiambaza na paa. Nikafunga dirisha, nikalitia komeo. Kisha nikaingiza jiko la makaa lililokwisha kukolea, makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo, nikaliweka penye miguu ya kitanda. Chumba kikapata joto zuri kama mkate utokao tanurini. Mama akanibariki. Nikafunga mlango, nikaenda kulala huku nikijiona mwana mwema.

Usiku wa manane mke wangu aliamka akasikia mtoto akitapika. Alipofungua mlango aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Binti yetu alikuwa akilia kwamba kichwa kinamwuma, na alipojaribu kusimama alianguka. Mama alikuwa hajitambui vema. Tulimwita, akaitika kama mtu aliye mbali, wala miguu yake haikuwa na nguvu. Tuliwabeba wote wawili tukawalaza barazani, katika upepo ule ule wa kusi niliokuwa nimeufungia nje. Majirani wakaja, gari likapatikana, tukaenda hospitali. Namshukuru Mungu, wote wawili walipona. Lakini daktari alituambia maneno machache tu: kama mtoto asingalitapika, au kama mama yake angalikuwa na usingizi mzito, asubuhi tungalifungua mlango tukakuta mambo mengine.

Si mara moja wala mara mbili magazeti ya nchi yetu yameleta habari za jamaa waliolala na jiko chumbani wasiamke. Mimi nami nilikuwa nimezisoma habari hizo, nikasikitika, nikafunua ukurasa wa pili. Nilidhani ni habari za watu wasiojua. Basi yafaa tujue wazi jinsi jambo hili litendekavyo.

Makaa yanapowaka hutumia hewa safi iliyomo chumbani. Hewa safi inapopungua, na hata makaa yenyewe yanapofifia chini ya jivu, hutoa kwa wingi hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haikoozeshi. Watu wengi huogopa moshi, nao hudhani makaa yakiisha kutoa moshi yamekuwa salama. Huo ndio udanganyifu wake, kwa maana moshi hukufukuza, bali sumu hii hukubembeleza ulale. Iingiapo mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa safi zaidi ya mara 200, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua kile ambacho mwili unakihitaji. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akasikia kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha akalala; na aliyekwisha kulala haamshwi na dalili yo yote. Wako waaminio kwamba bakuli la maji likiwekwa kando ya jiko litainywa sumu hiyo. Halinywi cho chote.

Mama alipopata nafuu nilimwomba radhi. Nikamwuliza, "Mama, mbona kwetu tulilala na moto miaka yote nilipokuwa mtoto, wala hatukupatikana na neno?" Akafikiri kidogo, akasema, "Moto wa kwetu ulikuwa na paa la nyasi, mwanangu. Ulikuwa na njia yake ya kutokea. Wewe uliufunga pamoja nasi." Nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la juu, nikafundishwa na habari za hewa na za kuungua kwa vitu, na nilifaulu mtihani huo. Lakini maneno yale ya mama ndiyo yaliyonifungua macho. Hata Uingereza, nchi yenye theluji, hapo kale nyumba zilipashwa moto kwa makaa vyumbani, lakini juu ya kila moto palijengwa bomba la kutolea moshi. Sisi tuliokwisha kubadili nyasi kwa mabati, na viambaza vya wazi kwa madirisha ya kufungwa, tumeacha njia ya moto kutokea, lakini hatujaacha moto.

Baada ya hayo bado nilikuwa na chumba chenye baridi, na mama alikuwa na majuma mawili zaidi ya kukaa kwetu. Aliyenisaidia ni jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa mwashi tangu ujana wake. Alibisha hodi jioni moja, akaja kumjulia hali mama. Tulipokwisha kuamkiana aliingia chumbani, akaweka kiganja chake juu ya kiambaza cha kusini, chini karibu na sakafu, akakiacha hapo kitambo.

Akaniuliza, "Bwana karani, maji ya mtungini huwa baridi kwa nini?"

Nikamjibu, "Kwa sababu mtungi hutoka jasho, mzee, na jasho lile likaukapo huchukua joto la maji."

Akasema, "Vema. Basi chumba hiki ni mtungi, na mama yako ndiye maji."

Wasomaji wangu, sikupata kusikia somo fupi kuliko hilo. Kiambaza kilikuwa kimekunywa mvua ya masika, na upepo wa kusi ulikuwa ukikikausha polepole usiku na mchana. Na kila tone lililokauka lilichukua joto lake chumbani. Hata tungaliwasha majiko matatu, tungalikuwa tunaupasha mtungi moto nao ukiendelea kutoka jasho. Mkulima ye yote ajua ya kuwa mahindi mabichi hayatiwi ghalani kwanza kisha yakatafutiwa dawa ya kuvu, huanikwa kwanza. Na chumba ni vivyo hivyo. Kwanza kikaushwe, ndipo kitiwe joto.

Tulifanya kazi kwa siku za Jumamosi na jioni baada ya ofisi. Nitaeleza kwa utaratibu, ili msomaji mwenye nyumba kama yangu, awe Likoni, Kisauni, Changamwe au shambani Kwale, aweze kuchukua limfaalo.

Kwanza ni maji. Tulizunguka nje tukaona kwamba maji ya paa yalidondoka karibu mno na nyumba, yakarukia kiambaza. Tulichimba mtaro mwembamba wa kuyapeleka mbali, tukaongeza upenu kwa makuti machache upande wa kusini, na tukaondoa taka na udongo uliokuwa umelundikana penye msingi. Tena hapo zamani mtu mmoja alikuwa amepaka saruji juu ya udongo ili kuuimarisha. Mzee aliigonga kwa kidole ikalia kama debe tupu. Nyuma yake udongo ulikuwa matope. Alinieleza kwamba saruji haipumui, nayo huyafungia maji ndani, lakini chokaa huyaacha yatoke. Tuliibandua ile saruji, tukaacha udongo ukauke kwa jua la siku nyingi, tukakandika upya penye mashimo, kisha tukapiga plasta ya mchanga na chokaa. Mwenye nyumba, ambaye ni mtu wa haki, alitoa chokaa, nami nikatoa mikono.

Pili ni upepo. Namna ya kutafuta mahali unapoingia ni rahisi, tena yapendeza. Usiku wenye kusi washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole kando ya kiambaza, dirisha na mlango. Moshi ukipanda wima, hapana neno. Ukipinda ghafula, hapo ndipo penye ufa. Nyufa zote za chini, zilizo sawa na kitanda, tuliziziba kwa udongo na chokaa, na chini ya mlango tukaweka mfuko mwembamba uliojazwa mchanga. Lakini ule mwanya wa juu, chini ya paa, niliokuwa nimeushindilia magunia usiku ule mbaya, tuliufungua tena. Upepo upitao juu ya vichwa haumdhuru mtu aliyelala, nao huondoa hewa iliyochoka na unyevu wa pumzi zetu. Dirisha la kusini twalifunga kabla ya magharibi, na kila siku yenye jua twalifungua tangu saa nne ya asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu chumba kilichofungwa mchana kutwa huota kuvu.

Tatu ni kitanda. Watu hujifunika juu wakasahau chini. Kitanda cha kamba ni neema mwezi wa Machi, kwa sababu upepo hupita chini ya mgongo. Na kwa sababu hiyo hiyo ni adui mwezi wa Julai. Tulitandika gunia safi juu ya kamba, juu yake mkeka, kisha godoro. Godoro letu ni la sufi, nalo hutia joto kwa ajili ya hewa iliyoshikwa katika nyuzi zake; lakini likipata unyevu hushikamana likawa zito na baridi. Sasa huanikwa juani mara mbili kwa juma, likageuzwa, likapigwa kwa fimbo. Mablanketi na mito vivyo hivyo. Kitanda chenyewe tulikihamisha kutoka kiambaza cha kusini, tukakiweka upande wa ndani, tukaacha nafasi ya shubiri moja baina yake na kiambaza. Na chandarua, ambacho hatuna budi kuwa nacho kwa ajili ya mbu, kikichomekwa vizuri chini ya godoro hupunguza nguvu ya upepo pia.

Nne ni mwili wenyewe. Mtu mzima na mtoto mchanga hawawezi kujitengenezea joto kama kijana. Yafaa waoge maji ya moto jioni, si usiku sana, wakajikausha vema. Wanywe uji au chai ya tangawizi. Wavae soksi, na mtu mzima ajifunge kitambaa kichwani. Nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda nguo moja nzito, kwa sababu hewa iliyo kati yake ni blanketi isiyonunuliwa. Robo saa kabla ya kulala, chupa ya maji ya moto iliyozibwa barabara na kufungwa kitambaa iwekwe kitandani penye miguu. Iwapo ni kitanda cha mtoto mchanga, iondolewe kabla hajalazwa, isije ikamwunguza; wala asifunikwe uso.

Tano ni jiko. Nyumbani kwetu sheria ni moja: jiko halivuki kizingiti cha chumba cha kulala, liwe na makaa mekundu au jivu lenye uvuguvugu. Atakaye kuota moto na aote uani, hali yu macho, kisha aingie kulala. Najua ziko nyumba ambamo mzazi aliye katika arobaini yake hukandwa kwa maji ya moto, na jiko likaletwa karibu naye. Maji na yachemshwe nje, yaletwe ndani yakiwa moto. Kazi itatimia vile vile. Na ikitokea kwamba watu wawili au watatu waliomo katika chumba kimoja chenye moto wameumwa na kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni homa. Fungueni milango na madirisha, watoeni nje upesi, nanyi msikawie humo. Kisha wapelekeni hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo ni kweli, nami nilikuwa nikiyaandika ubaoni shuleni kwa mwandiko mzuri. Lakini nimejifunza kwa gharama ya kuogofya kwamba nyumbani pana ufa wa kuzibwa na pana tundu la kuachwa, na mwenye nyumba mwema ni yule ajuaye kuyapambanua. Mimi niliziba yote kwa usiku mmoja kwa ajili ya mapenzi, na mapenzi yangu yalikuwa karibu kuua.

Mwaka jana mama alikuja tena, mwezi ule ule wa Julai, na kusi ilikuwa ikivuma hata feri ikayumba. Mjukuu wake alilala naye tena. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Niliondoka mara tatu nikasimama mlangoni kuwasikiliza wakipumua. Asubuhi mama alitoka barazani, kanga yake begani, wala hakujitanda koti la mtu. Nikamsalimu, nikamwuliza amelalaje.

Akasema, "Nimelala, mwanangu. Sasa baridi yenu nayo inajua kukaa nje."

Basi wasomaji, wenye mama na wakae nao salama katika kipupwe hiki. Jioni ya leo, kabla hamjafunga mlango, tazameni kwanza jiko liko wapi.